Saizi ya tairi na ringi kwa gari la 4x4: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Dalili za kukosea ni zile zile. Tairi jipya linakwaruza madigadi usukani ukikatwa hadi mwisho. Ringi yenye matundu sita inakataa kukaa kwenye habu yenye boliti sita. Gari linakuwa zito kupanda mlima, usukani unavuta, na tairi la akiba haliingii tena mahali pake.

Chanzo karibu kila mara ni mpangilio wa kazi. Mtu anaipenda ringi, anainunua, anatafuta tairi la kuivalisha, halafu ndipo anauliza kama gari linaweza kulibeba. Hapa tunakwenda kinyume: mzigo kwanza, kisha kipenyo cha tairi, kisha nafasi iliyopo chini ya madigadi, na ringi mwisho kabisa. Usiruke hatua, kwa sababu kila moja inatoa namba ambayo hatua inayofuata inaihitaji.

## Vifaa vya kuandaa

- Kitabu cha gari, pamoja na kibandiko cha saizi na upepo (mara nyingi kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva)
- Futi kamba ya chuma, rula ya milimita, na kipimo cha venia kama unacho
- Ubao au chuma kilichonyooka, urefu wa sentimita 60 hivi
- Kikokotoo, karatasi na kalamu
- Chaki, pamoja na udongo wa mfinyanzi au plastisini ya watoto
- Jeki, stendi mbili za kubebea gari, na vizuizi vya magurudumu
- Spana ya magurudumu, pamoja na spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza)
- Geji ya upepo unayoiamini, na brashi ya waya
- Simu yenye programu ya GPS inayoonyesha mwendo

Usitegemee jeki peke yake unapoingiza mkono au kichwa ndani ya nafasi ya gurudumu. Gari likae juu ya stendi, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe mbele na nyuma.

## Hatua ya 1: Andika gari lilivyotoka kiwandani

Kosa la kwanza ni kusoma tairi lililovaliwa sasa na kuamini kuwa ndilo la kiwanda. Huenda mwenye gari aliyetangulia alishabadilisha. Anza na kibandiko cha mlangoni, kisha linganisha na kilichopo.

Maandishi ya ubavuni yanasomeka hivi, tuseme 265/65R17 112S:

- 265 ni upana wa tairi kwa milimita, ubavu hadi ubavu.
- 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana. 65% ya 265 ni milimita 172.
- R maana yake nyuzi za ndani ya tairi zimepangwa kwa mtindo wa radiali.
- 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi.
- 112 ni namba ya mzigo. Haisomwi kama kilo. Inatafutwa kwenye jedwali. 112 ni kilo 1,120.
- S ni mwendo wa juu unaoruhusiwa: S ni kilomita 180 kwa saa, R ni 170, Q ni 160.

Tafuta pia tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT, ubavuni mwa tairi. 2323 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi linaloitwa jipya lakini limekaa stoo miaka mingi mpira wake umeshaanza kukauka, hata kama meno hayajaguswa.

Saizi nyingine zimeandikwa kwa inchi, kama 31x10.50R15: kipenyo inchi 31, upana inchi 10.5, ringi ya 15. Hapo kipenyo umeshapewa.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja ulioandikwa: saizi ya kiwanda, namba ya mzigo, upepo wa mbele na nyuma.

## Hatua ya 2: Pima mzigo, chagua aina ya tairi

Peleka gari kwenye mizani likiwa limebeba kila kitu unachobeba safarini: mafuta yamejaa, maji, abiria, mizigo. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Namba ya jumla haitoshi, kwa sababu pikapu iliyopakiwa huweka sehemu kubwa ya uzito nyuma.

Tuseme ekseli ya nyuma ina kilo 1,900. Kila tairi linabeba 950, na gari likiegama au likipiga shimo, moja hubeba zaidi. Tairi la 112 linatosha na kubakiza akiba. La 105 (kilo 925) halitoshi hata gari likiwa limesimama.

Namba za kukumbuka: 109 ni kilo 1,030, 112 ni 1,120, 115 ni 1,215, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400, 121 ni 1,450. Usishuke kamwe chini ya namba ya kiwanda, hata kama muuzaji anasema lile la chini "linafanana kabisa".

Ukiona herufi LT mbele ya saizi, hilo ni tairi la mizigo lenye ubavu mgumu zaidi. Huwa na namba mbili, kwa mfano 121/118: ya kwanza ni tairi likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, ya pili ni likiwa pacha. LT linastahimili mawe na mzigo mzito, lakini lina masharti mawili ambayo wengi hawaambiwi. Ni zito, mara nyingi kwa kilo kadhaa kila moja. Na linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe uzito ule ule: LT la daraja la mzigo E hufikia uwezo wake kamili kwenye PSI 80, ilhali tairi la kawaida hufika kwenye PSI 35 au 36. Ukilijaza kama la kawaida, ubavu unajikunja kupita kiasi, unapata joto, na tairi linaweza kupasuka likiwa bado na meno mazuri.

Kuhusu meno, sema ukweli kuhusu njia zako. Ukiwa na lami kwa sehemu kubwa ya mwaka, tairi la matope (MT) litakupa kelele, kuteleza kwenye lami yenye maji, na kuisha haraka. Tairi la njia zote (AT) ndilo linalowafaa wengi. MT ni la mtu anayekutana na matope mazito wiki baada ya wiki.

## Hatua ya 3: Amua kipenyo cha ringi

Hapa macho hudanganya. Ringi kubwa inavutia, lakini kazi ya 4x4 nje ya lami inafanywa na ubavu wa tairi. Ubavu ndio unaojikunja juu ya jiwe badala ya kupasuka, na ndio unaotanuka kwenye mchanga ukipunguza upepo.

Tazama saizi hizi tatu:

- 265/70R16: kipenyo milimita 777, ubavu 186
- 265/65R17: kipenyo milimita 776, ubavu 172
- 265/60R18: kipenyo milimita 775, ubavu 159

Kwa nje ni tairi moja. Gari halipandi wala halishuki, mita ya mwendo haibadiliki. Tofauti ni milimita 27 za mpira kati ya jiwe na ringi yako. Kwa hiyo kama gari lako lilikuja na ringi za 18 na unakwenda porini, kushuka hadi 17 au 16 kwa kipenyo kile kile cha tairi ni badiliko lenye faida kubwa na hatari ndogo.

Kikomo ni breki. Ringi ndogo lazima ipite juu ya kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki). Pima kutoka katikati ya habu hadi ncha ya mbali ya kalipa, kisha linganisha na nusu ya kipenyo cha ndani cha ringi. Inchi 17 zilizoandikwa ni mahali tairi linapokaa. Ndani ya ringi nafasi ni ndogo kuliko hiyo, na miundo inatofautiana, hivyo pima ringi yenyewe. Acha angalau milimita 3 hadi 5 kila upande. Angalia pia nyuma ya mikono ya ringi, maana kalipa nene huweza kugusa hapo hata kama kipenyo kinatosha.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya kipenyo cha tairi

Fomula:

Kipenyo (mm) = (upana × asilimia ya ubavu ÷ 100 × 2) + (ringi × 25.4)

Mfano wa 265/65R17: 265 × 0.65 × 2 = 344.5. Ringi: 17 × 25.4 = 431.8. Jumla ni milimita 776.3.

Sasa linganisha na yale yanayotamaniwa zaidi kwenye ringi hiyo hiyo:

- 265/70R17: milimita 802.8, ongezeko la 3.4%
- 285/70R17: milimita 830.8, ongezeko la 7%

Hadi takriban 3% magari mengi hustahimili bila kubadilisha kitu kingine. Kati ya 3% na 5%, hatua ya 5 inaamua. Zaidi ya 5%, hesabu kuwa unabadilisha gari zima. Angalia pia sheria ya nchi yako na masharti ya bima kabla ya kuongeza kipenyo, kwa sababu baadhi ya nchi huweka ukomo.

Mambo matatu hubadilika:

Mita ya mwendo. Kwa ongezeko la 7%, gari lililokuwa likienda 100 sasa linakwenda 107 kwa mzunguko ule ule wa gurudumu, na mshale haujui.

Gia. Kama uwiano wa difu yako ni 3.91, ongezeko la 7% linaifanya ijisikie kama 3.65. Gari linakuwa zito kuondoka, gia ya juu haitumiki mlimani, na ukiteremka kwa gia ndogo injini inazuia kidogo kuliko zamani. Dawa halisi ni kubadilisha meno ya difu, na ni lazima ya mbele na ya nyuma yabadilishwe pamoja kwa uwiano mmoja.

Breki. Gurudumu refu na zito ni gumu zaidi kusimamisha kwa diski zile zile.

Faida je? Kimo cha gari huongezeka kwa *nusu* tu ya tofauti ya kipenyo. Kutoka 776 hadi 803, ekseli inapanda milimita 13. Kwa anayeendesha kwenye mawe hizo 13 zina thamani. Kwa anayetaka mwonekano tu, gharama ya gia na breki ni kubwa kuliko anachopata.

Upana nao usiuongeze kwa mazoea. Tairi refu na jembamba kama 235/85R16 (kipenyo milimita 806) huchimba matope hadi lifike ardhi ngumu, hupata nafasi kirahisi chini ya madigadi, na husukuma mchanga mchache mbele yake. Kwenye mchanga mlaini, kinachokubeba zaidi ni urefu wa alama ya tairi chini, nao unaupata kwa kupunguza upepo.

## Hatua ya 5: Pima nafasi, gari likiwa katika hali yake mbaya zaidi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowarudisha watu kwa fundi. Wanapima gari likiwa limesimama, magurudumu yamenyooka. Tairi haligusi hapo. Linagusa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na springi ikiwa imebanwa.

1. Kata usukani kabisa kulia. Kwa chaki, weka alama sehemu zote zilizo karibu na tairi: nyuma ya bampa, plastiki ya ndani ya madigadi, kishikio cha bodi kwenye chesesi nyuma ya gurudumu la mbele, mpira wa kuzuia matope, stabilaiza, mkono wa juu wa saspensheni, mpira wa breki. Rudia kushoto.
2. Pima umbali kutoka tairi hadi kila alama, uandike.
3. Bandika donge la udongo au plastisini lenye unene wa milimita 40 kwenye kila alama. Pindisha karatasi ya nailoni juu yake lisishikane na tairi.
4. Endesha polepole kabisa kwenye mtaro mdogo kwa mshazari, au panda gurudumu moja la mbele juu ya tuta imara, usukani ukiwa umekatwa. Rudia kila upande. Kwa nyuma, fanya hivyo gari likiwa na mzigo.
5. Pima udongo uliobaki. Unene huo ndio nafasi yako halisi.

Sasa toa ukuaji wa tairi. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kimeongezeka 26.5, hivyo kila nafasi ya mbele, nyuma na juu inapungua milimita 13. Udongo uliobaki na 35 utakuachia 22. Hiyo inatosha. Uliobaki na 18 utakuachia 5, na kokoto moja au matope yaliyoshikana yatamaliza hizo 5. Usikubali chini ya milimita 20 kuelekea bodi, na kuelekea mkono wa saspensheni usikubali chini ya 10. Mpira wa breki na waya wa ABS vipewe nafasi kubwa kuliko hiyo, kwa sababu tairi likizigusa hakuna kelele ya kukuonya.

Kuinua gari hakutibu mkwaruzo peke yake. Springi ndefu huinua bodi gari likiwa limesimama, lakini springi ikibanwa hadi mwisho, gurudumu hufika pale pale lilipokuwa likifika. Kinachozuia ni mpira wa kikomo. Bila kuurefusha, tairi litagusa tu baadaye kidogo, na kwa nguvu zaidi kwa sababu utakuwa mwendoni.

Plastiki na mpira wa matope vinaweza kukatwa au kusogezwa bila madhara. Kishikio cha bodi kwenye chesesi si cha kukatwa kwa grainda uani; kama tairi linagusa hapo, chagua tairi dogo zaidi au mpe kazi mtu anayejua kuchomelea chesesi. Magari mengi ya ekseli nzima mbele yana skrubu ya kuzuia kona ya usukani. Ukiirefusha mkwaruzo huisha, ila gari litahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka.

Pima pia mahali pa tairi la akiba. Chini ya pikapu huwa pamebana kuliko watu wanavyodhani, karibu na bomba la moshi na ekseli.

Umefaulu ukiwa na saizi moja ya tairi iliyopita mzigo, hesabu na udongo. Hapo ndipo ringi inaingia.

## Hatua ya 6: Chagua ringi kwa vipimo sita

Duara la boliti. Kwa matundu sita, pima katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalolikabili. Kwa matundu matano, hakuna linalokabiliana. Pima katikati ya tundu hadi katikati ya jirani yake, zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 88, duara ni 150. Magari mengi ya 4x4 ni 6x139.7 (matundu sita, duara la milimita 139.7), yakiwemo Toyota Hilux, Nissan Patrol ya Y61 na Mitsubishi Pajero. Land Cruiser ya 100 na ya 200 ni 5x150. Suzuki Jimny ni 5x139.7.

Tundu la kati. Hapa ndipo "boliti zinalingana lakini ringi haiingii". Hilux ina habu ya milimita 106 hivi, Pajero ina 67. Ringi ya Pajero haitaingia kwenye Hilux hata ulazimishe. Kinyume chake ringi ya Hilux itaingia kwenye Pajero, ila italegea katikati, na hilo ni baya zaidi kwa sababu linaonekana limefaa. Usukani utatetemeka kwenye mwendo wa lami na nati zitakuwa zikilegea. Dawa ni pete ya kujazia yenye vipimo kamili, au ringi yenye tundu sahihi.

Ofseti (ET). Ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa ringi hadi uso unaokaa kwenye habu. Ofseti chanya huvuta gurudumu ndani, hasi hulisukuma nje. Hesabu upande wa nje hivi: nusu ya upana wa ringi, toa ET.

Ringi ya kiwanda ya 7.5J ET30 (upana inchi 7.5, ofseti milimita 30): nusu ya upana ni 95, toa 30, inabaki 65. Ringi mpya ya 8J ET0: nusu ni 102, toa 0, inabaki 102. Gurudumu limetoka nje milimita 36 au 37. Kwa ndani limejitenga na saspensheni kwa milimita 23 au 24, na hiyo inasaidia tairi pana. Lakini ukikata usukani, tairi sasa linazunguka kwa tao kubwa zaidi na kugonga bampa na kishikio cha bodi ambavyo hatua ya 5 ilivipitisha. Beringi zinabeba kwa mkono mrefu zaidi, na usukani unavutwa na kila shimo. Jaribu kukaa ndani ya milimita 15 hadi 20 za ET ya kiwanda. Ukibadilisha zaidi ya hapo, rudi upime upya nafasi.

Kuipima ET ya ringi isiyo na maandishi: ilaze kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya kingo za nyuma, pima kutoka ubao hadi uso wa habu. Kwenye kipimo hicho toa nusu ya upana wa nje wa ringi, kingo zikiwemo. Kinachobaki ni ET.

Upana. Kila tairi lina upana wa ringi unaoruhusiwa, na mtengenezaji huuchapisha. 265/70R17 hukaa kwenye inchi 7 hadi 9. 235/85R16 hukaa kwenye 6 hadi 7.5. Kwa kazi ya nje ya lami, elekea kwenye upana mdogo au wa kati, kwa sababu ubavu huvimba kidogo nje ya ringi na kuikinga, na ukipunguza upepo tairi halivuki ukingo kirahisi.

Kikalio cha nati. Kuna nati za koni, za mviringo, na za bapa zenye washa. Nati ya bapa kwenye tundu la koni hushika kwa ukingo mwembamba tu wa chuma, na italegea. Angalia pia uzi wa boliti: Hilux ni M12x1.5 (kipenyo milimita 12, umbali kati ya nyuzi milimita 1.5), Patrol Y61 ni M12x1.25, Land Cruiser 200 ni M14x1.5. Nati mbili za M12 zinafanana kwa macho, na ile isiyo yake huanza kuingia vizuri kabla ya kula uzi. Anza kila nati kwa vidole. Ikikwama kabla ya mizunguko sita, ichomoe.

Uwezo wa mzigo. Umechorwa nyuma ya ringi kwa kilo au pauni. Lazima uwe sawa na, au zaidi ya, nusu ya uzito unaoruhusiwa wa ekseli nzito. Ringi nzuri ya gari dogo yenye matundu yanayolingana inaweza kuvunjika chini ya 4x4 iliyopakiwa.

Spesa za kusogeza magurudumu nje zina athari zote za ofseti, na zinaongeza kiungio kingine cha kulegea. Ukijikuta unazihitaji, ringi uliyochagua si sahihi.

## Hatua ya 7: Matairi yote yalingane, la akiba likiwemo

Gari linalotumia magurudumu manne muda wote halivumilii tofauti ya kipenyo. Tairi jipya lenye meno ya milimita 12 likikaa kwenye ekseli moja na lililobaki na 4, vipenyo vinatofautiana milimita 16. Kwa tairi la 803, hiyo ni tofauti ya mizunguko 8 hivi katika kila kilomita. Likiwa mbele peke yake, difu ya mbele na ya kati zinageuka bila kupumzika na mafuta yake yanachemka.

Kwenye gari la kuunganisha 4H (magurudumu manne, gia za kawaida) kwa mkono, mbele na nyuma zikiwa na vipenyo tofauti, mfumo unajikaza na giaboksi ya pili (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma) ndiyo inayoumia. Nunua matano ya aina moja, na uingize la akiba kwenye mzunguko wa kubadilishana kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

## Hatua ya 8: Kufunga

Sugua uso wa habu na wa ringi kwa brashi ya waya. Kutu au rangi nene iliyobanwa hapo husagika safarini, na nati zinalegea bila mtu kuzigusa.

Kabla ya kununua yote manne, funga gurudumu moja tu mbele, lizungushe kwa mkono, kata usukani pande zote, hakikisha kalipa, mpira wa breki na vizito vya balansi havigusani. Omba muuzaji akubali jaribio hili kabla tairi halijachafuka.

Kaza nati kwa nyota, si kwa kufuatana kwa duara. Raundi ya kwanza gari likiwa juu, ya mwisho likiwa chini, kwa spana ya toki na namba ya kitabu cha gari. Bunduki ya upepo itumike kufungua tu. Usipake grisi kwenye uzi isipokuwa kitabu kimesema, kwa sababu uzi laini hufanya boliti ivutwe kupita kipimo. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ringi mpya hukalia upya.

Fanya balansi ya magurudumu yote, kisha alaimenti, hasa kama ET imebadilika.

## Hatua ya 9: Tafuta upepo sahihi, kisha jaribu

Kibandiko cha mlangoni kiliandikwa kwa tairi la kiwanda. Kwa saizi mpya, anza nacho. Kwa LT ongeza PSI 5 hivi, na ukibeba mzigo mzito fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi. Pima tairi likiwa baridi, endesha lami kwa saa moja, pima tena mara tu unaposimama. Tairi la kawaida likipanda kama PSI 4, na LT kama PSI 6, upo karibu. Likipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo: ongeza. Likipanda kidogo sana, ulizidisha.

Usitoe upepo kwenye tairi lenye moto ili kulirudisha kwenye namba ya baridi. Likipoa litakuwa chini ya kiwango.

Nje ya lami, kwa mwanzo: barabara ya changarawe PSI 26 hadi 28, matope 18 hadi 22, mchanga 16 hadi 18. Gari lililopakiwa liongezewe kidogo. Chini ya 15 tairi linaweza kuvuka ukingo wa ringi ukikata kona. Mchangani usizidi kilomita 40 kwa saa, na ujaze tena kabla ya kurudi lamini.

Jaribio lenyewe lifanyike kwa mpangilio huu. Uwanja tupu: usukani hadi mwisho pande zote, mbele na kinyumenyume, madirisha yamefunguliwa, redio imezimwa. Kisha tuta au mtaro kwa mshazari gari likiwa na mzigo. Kisha lami hadi kilomita 80 kwa GPS, ukiandika mshale unasema nini. Bandika tofauti hiyo kwenye dashibodi hadi mita irekebishwe. Mwisho, breki kali mara tatu kwenye barabara tupu.

Rudi ukague kwa tochi. Ndani ya madigadi kusiwe na mng'aro mpya wa plastiki iliyosuguliwa, na ubavu wa ndani wa tairi usiwe na mstari mweusi unaong'aa. Weka kiganja kwenye habu zote nne: moja ikiwa moto kuliko wenzake, breki yake inagusa au beringi inalalamika. Baada ya kilomita 1,000 pima kina cha meno pembeni na katikati. Katikati pakiisha haraka, punguza upepo kwa PSI 2. Pembe zote mbili zikiisha haraka, ongeza 2. Pembe moja tu ikiisha, rudi kwenye alaimenti.